Kikombe Kinasema ya Miezi Mitatu Nyuma

Asanteni, kaeni tu, kaeni. Wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi, na dada zangu mliokuja na waume zenu hongereni maana najua wengine mmewavuta kwa mkono. Naona kule nyuma kuna watu wamekaa karibu na mlango ili mambo yakiwa mazito wateleze kimya kimya, haina shida, ila nawaambia mapema kwamba sitamwuliza mtu yeyote anavuta sigara ngapi wala analala saa ngapi.

Mimi sio daktari, nilimwambia hivyo hata aliyenialika. Mimi ni mtu wa maabara. Miaka yote hii nimekuwa nakaa kwenye kiti cha kuzunguka nimeinamia hadubini, napokea vikombe vya plastiki vyenye kifuniko, na moja ya vitu ninavyopima ni manii. Kwa hiyo nyie mkimwona mwanaume anapita kifua mbele, mimi saa zingine nilishaziona mbegu zake asubuhi ile ile, na niwaambie ukweli, kifua na mbegu havina undugu kabisa.

Leo nimeitwa tuongee sigara na pombe zinavyozifanya mbegu za mwanaume, na hapo kwenye kifua ndio nataka tuanzie, maana hapo ndipo wanaume wengi tunapojidanganya. Tunachanganya vitu viwili. Kuna nguvu za kiume, yaani kusimamisha na kufanya tendo, halafu kuna uwezo wa kutungisha mimba, na hivi vinaweza kuishi nyumba tofauti bila kusalimiana. Mtu anaweza akawa yuko vizuri kabisa kitandani, mkewe hana malalamiko, manii yanatoka mengi tu, ukiyaweka chini ya hadubini hukuti mbegu hata moja. Sio chache, hamna. Kwa sababu yale maji unayoyaona, mbegu zenyewe ni asilimia chache tu, nyingine yote ni majimaji yanayotoka kwenye vifuko vya manii na kwenye tezi dume. Sasa mtu anaangalia maji anasema mimi niko fiti. Hujaona kitu ndugu yangu, huwezi kuiona mbegu kwa macho, na ndio maana kwa maelfu ya miaka binadamu hakujua hata kama zipo. Wa kuziona ni Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi muuza vitambaa aliyekuwa na ugonjwa wa kusugua vioo vya lenzi, mwaka 1677, akaandika barua London kwenye Royal Society akiwa na aibu aibu kwamba jamani nimeona vidudu vyenye mikia vinaogelea. Kabla ya hapo kila ndoa isiyo na mtoto lawama alibeba nani? Kina mama mnajua jibu. Kinachonishangaza ni kwamba karibu miaka 350 imepita, na bado mwanamke anafika kwetu ameshapigwa picha za kizazi, ameshazibuliwa mirija, ameshakunywa dawa za kila aina, ukimwuliza mume je, ashapima? anasema mume wangu yuko sawa tu. Nani kasema? Yeye mwenyewe kasema.

Wakati ukiwachukua wenza wote wanaohangaika kupata mtoto, karibu nusu yao kuna kasoro upande wa mwanaume, ama peke yake ama yeye na mke wote. Na sio tatizo la watu wachache, Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitoa ripoti kwamba katika kila watu wazima sita, mmoja atakutana na ugumba katika maisha yake, na ugumba maana yake mmekutana mara kwa mara bila kinga miezi 12 na mimba hamna. Miezi 12, sio miwili. Wapo wanaokuja na presha baada ya harusi ya juzi tu.

Sasa tuje kwenye sigara na pombe. Lakini siwezi kuwaeleza kabla hamjajua kiwanda kinavyofanya kazi, nipeni dakika chache tu.

Korodani zinatengeneza mbegu mchana na usiku bila likizo, zaidi ya 1,000 kila sekunde kwa mwanaume mzima wa afya. Zimening'inizwa nje ya mwili kwa sababu zinataka ubaridi, nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili. Lakini mbegu moja kutoka ilivyoanza kama chembe ya kawaida ya duara mpaka ikawa na kichwa, shingo na mkia, inachukua kama siku 64 mpaka 74, halafu inaingia kwenye kamrija kamejikunjakunja nyuma ya korodani inakaa tena siku kadhaa inajifunza kuogelea. Jumlisha yote weka miezi mitatu. Kwa hiyo kikombe unacholeta leo hakinionyeshi ulivyo leo, kinanionyesha ulikuwa unaishije miezi mitatu iliyopita. Mtu anakuja Jumatatu ananiambia kaka mimi sijagusa pombe tangu Ijumaa. Namwitikia tu sawa, namwekea jina kwenye kikombe, lakini moyoni nasema zile mbegu zako zilizaliwa wakati wa ile sherehe unayoikumbuka nusu.

Hii miezi mitatu naomba muishike, maana ndio habari mbaya na ndio habari nzuri.

Sigara. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, sitaziorodhesha. Nitazitaja chache zinazotuhusu: nikotini, kaboni monoksidi, halafu metali nzito kama kadimiamu na risasi, risasi ile ile ya betri za gari. Hizi zinaingia mapafuni, zinaingia kwenye damu, na damu inafika mpaka korodani, wala hakuna geti linalozuia zote. Wamepima majimaji ya manii ya wavutaji na nikotini wakaikuta mle mle ndani.

Zikifika zinafanya nini? Mbegu ni kitu cha ajabu, mwili umeivua kila kitu kizito ili iwe nyepesi ya kukimbia, kama mwanariadha anavyovua koti. Ngozi yake ya nje imejaa mafuta laini, na ndani haina akiba ya kujitibu. Chembe nyingine za mwili zikiharibika zina fundi ndani anakarabati, mbegu iliyokomaa haina fundi. Sasa moshi unaongeza zile chembe za oksijeni zenye ukali, zinazofanya mwilini kama kinachotokea chuma kikishika kutu, zinashambulia yale mafuta ya ngozi ya mbegu, mkia unalegea, na zile injini ndogo za shingoni zinazotoa nguvu ya kuogelea zinazimika. Halafu zinaingia mpaka kichwani kwenye DNA, yale maelekezo ya urithi anayopewa mtoto, na kuikatakata. Na mbegu yenye DNA iliyokatika inaweza ikawa inaogelea vizuri tu, sura nzuri tu, mimi na hadubini yangu ya kawaida siioni ile kasoro, inahitaji kipimo kingine kabisa. Ndio maana kuna wanaume majibu yao ya kawaida yanarudi safi lakini mimba haishiki, au inashika inatoka, inashika inatoka, na mama anaambiwa kizazi chako kina shida.

Wale wenye hela wanasema basi tutaenda kupandikiza. Sawa, teknolojia ipo, tangu mwaka 1992 kule Brussels walipata watoto kwa njia ya kuchukua mbegu moja kwa sindano nyembamba na kuichoma ndani ya yai. Lakini anayechagua ile mbegu ni mtu kama mimi, anaangalia kwa macho, anachagua yenye kichwa kizuri na mkia ulionyooka. DNA haioni. Kwa hiyo hata ukilipa vipi, sigara inakusindikiza mpaka kwenye sindano.

Kuhusu takwimu, wataalamu mwaka 2016 walikusanya tafiti 20 zenye jumla ya wanaume 5,865, wakakuta wavutaji kwa ujumla wana mbegu chache zaidi na zinazokimbia ni chache zaidi, na madhara yalionekana zaidi kwa wanaovuta kiasi cha kati na kuendelea, na kwa wale ambao tayari walikuwa na shida ya uzazi. Hiyo sehemu ya mwisho nataka mwisikie vizuri maana inajibu lile swali ambalo najua mzee mmoja pale analo mdomoni.

Swali lenyewe ni hili: mbona baba yangu alivuta maisha yake yote na tulizaliwa tisa?

Ni kweli, wala sibishi. Hebu tuangalie hivi. Kiwango cha chini wanachotumia maabara sasa hivi, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na zinazotembea ziwe angalau asilimia 42. Namba hizi hazikutoka hewani, walipima wanaume ambao wake zao walipata mimba ndani ya mwaka mmoja, wakaangalia wale asilimia 5 wa mwisho wako wapi, wakachora mstari pale. Sasa kuna wanaume Mungu kawapa milioni 100 na zaidi kwa mililita. Huyu akivuta akapunguza kiasi bado yuko juu sana ya mstari, na kama mkewe ana miaka 22 na mirija iko wazi, mtoto anapatikana tu, hata hajui alichopoteza. Lakini mwingine alizaliwa na milioni 20. Au ana mishipa ya korodani iliyovimba, hii kitu inawapata kama wanaume 15 katika kila 100 na wengi hawajui. Au mke wake ana miaka 38. Huyu hana akiba ya kupoteza, na sigara inampunguzia hicho hicho kidogo. Baba yako alikuwa na akiba. Wewe akiba yako unaijua? Hujapima.

Na kuna jambo lingine hapo linanigusa mimi mwenyewe maana mama yangu mkubwa alikuwa mvutaji. Watoto wa kiume ambao mama zao walivuta wakiwa wajawazito, wakikua wakipimwa, wamekutwa mara kadhaa na mbegu chache kuliko wenzao. Yaani moshi wa miaka 20 iliyopita. Kwa hiyo kijana unayevuta ndani na mkeo mjamzito amekaa kochi la pili, fikiria anayekaa tumboni.

Nimesikia mtu anasema shisha je. Shisha ndio imewapoteza vijana kwa sababu ina harufu ya matunda na maji yanabubujika, watu wanadhani maji yanachuja. Hayachuji hivyo mnavyofikiria. Sigara moja ni kama kuvuta moshi mara 20, kikao cha saa moja cha shisha ni kama mara 200, na lile kaa linaloungua juu linakuongezea kaboni monoksidi yake. Na vepu, zile za kuchaji, moshi wake una vitu vichache kuliko sigara ndio, lakini nikotini iko pale pale, na nikotini inabana mishipa ya damu. Kama lengo lako ni mtoto sioni kwanini uchezee.

Hapo kwenye kubana mishipa nisimame kidogo. Nilisema nguvu na mbegu ni nyumba tofauti, lakini sigara ina ufunguo wa zote mbili. Uume unasimama kwa damu, hakuna mfupa mle. Mishipa inayopeleka damu kule ni myembamba, kama milimita moja au mbili, ile ya moyo ni minene zaidi. Sasa sigara inaharibu ukuta wa ndani wa mishipa yote ya mwili kwa pamoja, mwembamba unaziba kwanza. Kwa hiyo mwanaume wa miaka 40 akianza kulegea, kabla hajakimbilia vidonge vya barabarani angeenda kupima moyo, maana inawezekana kule chini ndio kengele imelia, moyo unafuata miaka michache baadaye. Hili wauguzi wanalijua, wanaume hatulijui kwa sababu tukilegea tunanyamaza.

Haya, pombe.

Pombe inapita milango mitatu. Mlango wa kwanza ni kichwani, kwenye ubongo kuna tezi inayotuma homoni za kuiamrisha korodani fanya kazi, pombe nyingi inaichanganya ile tezi, amri inatoka dhaifu. Mlango wa pili ni korodani yenyewe, pombe ikivunjwa mwilini inatoa sumu inaitwa asetaldehidi, hii ndio mojawapo ya zinazokufanya uamke na kichwa kinagonga, na inazidhuru zile chembe zinazotengeneza testosteroni, homoni ya kiume, ambayo bila hiyo mbegu hazikomai. Mlango wa tatu ini. Ini ndilo linasafisha homoni, na mwanaume naye ana homoni za kike kidogo, ni kawaida tu. Ini likichoka kwa pombe ya miaka, homoni za kike hazisafishwi, zinapanda. Mmeshamwona mlevi wa siku nyingi ana matiti, korodani zimesinyaa, ndevu zimepungua? Watu wanamcheka pale kilabuni. Ile sio ya kucheka, ile ni ini linaongea.

Swali la watu wote ni kiasi gani. Nitawapa hesabu moja. Kuna utafiti wa Denmaki uliotoka mwaka 2014, walichukua vijana 1,221 wa miaka 18 hadi 28 waliokuja kupimwa afya kwa ajili ya jeshi, wakawauliza wiki ile iliyopita mmekunywa kiasi gani na wakapima manii. Wakaanza kuona manii yanashuka ubora kwa wale waliozidi vipimo vitano kwa wiki, na kwa waliozidi 25 ikawa wazi zaidi. Kipimo kimoja cha kule ni gramu 12 za alkoholi. Sasa tuigeuze iwe chupa. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu kama 20. Kwa hiyo vipimo vitano ni chupa tatu. Kwa wiki! Naona mtu anahesabu vidole pale, ndio, tatu kwa wiki sio kwa usiku. Na 25 ni chupa 15 kwa wiki, ambazo kwa mtu wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hazichukui hata jasho. Wale waliofika vipimo 40, yaani chupa 24, mbegu zao kwa mililita zilikuwa pungufu kwa thuluthi moja ukilinganisha na wale wa kipimo kimoja hadi vitano.

Lakini niwe mkweli kwenu sitaki kuwatisha kwa uongo. Utafiti ule uliuliza mara moja na kupima mara moja, hauwezi kuapa kwamba pombe peke yake ndio iliyofanya, wanywaji wengi pia wanavuta na hawalali, ingawa walijaribu kuyatoa hayo kwenye hesabu. Na tafiti nyingine zilizowaangalia wanywaji wa kidogo sana hazikukuta tofauti ya maana. Kwa hiyo mtu wa glasi moja kwenye harusi ya mdogo wake sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na kunywa kwa kukomoa, kukaa siku tano kavu halafu siku mbili unakunywa kama kesho hakuna, halafu unajiita mnywaji wa wikiendi.

Na mbaya zaidi hivi vitu vina urafiki. Kuna watu hawavuti mchana kutwa, chupa ya pili tu ikifunguliwa anaanza kuomba sigara kwa jirani, mpaka saa sita kamaliza nusu pakti ambayo sio yake. Ukimwuliza unavuta, anakuambia hapana mimi sivuti. Huyu kwenye fomu yangu anajaza hapana. Kuna siku niliacha kabisa kuuliza unavuta, nikaanza kuuliza ukiwa unakunywa unashika sigara? Majibu yalibadilika pale pale.

Nataka niwasimulie mtu mmoja, namficha kabisa jina na kila kitu. Alikuja peke yake, kikombe kakiingiza ndani ya shati kwenye ubavu, nikampongeza maana ndivyo inavyotakiwa, sampo ibaki na joto la mwili na ifike ndani ya saa moja, wengine wanaiweka kwenye mfuko wa plastiki na maji baridi wanafika mbegu zimeshapigwa na baridi. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vya njano, ile njano ya sigara isiyotoka kwa sabuni. Miaka minne ya ndoa. Nikaweka tone kwenye kioo, nikafunika, nikarekebisha lenzi. Kwenye lile duara la hadubini mtu mwenye mbegu za kutosha huwa naona kama sisimizi waliovurugiwa kichuguu, kila mmoja anaenda kwake kwa haraka. Kwa huyu niliona nne. Mbili zimelala, moja inazunguka duara pale pale kama mbwa anayeufukuza mkia wake, moja ndio inajikokota. Nikahama upande mwingine wa kioo, hivyo hivyo. Akaniuliza nikiwa bado nimeinama, zinakimbia? Mimi hairuhusiwi kutoa majibu pale, nikamwambia daktari atakueleza, lakini nadhani mgongo wangu ulimjibu.

Daktari alimwambia arudie kipimo, maana kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu, manii yanabadilika, ukiwa na homa kali mwezi uliopita yanashuka, ukikosa kujizuia siku mbili mpaka saba kabla ya kupima yanadanganya. Akapimwa na mengine, homoni, mishipa. Halafu akaambiwa acha vyote viwili, miezi mitatu, halafu njoo.

Hapa naomba nichomekee kitu cha muhimu sana kwa mtu anayekunywa kila siku kiasi kwamba asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate ya kuzimua. Wewe usitoke hapa ukasema nimeacha leo, kimya kimya, peke yako. Mwili uliozoea pombe hivyo ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo, na watu wanakufa. Nenda hospitali waambie ukweli, wapo watu wanaosimamia hiyo safari kwa dawa. Sigara haiko hivyo, ukiacha ghafla utakuwa na hasira, utamgombeza kila mtu, arosto itakutesa hasa siku za mwanzo, lakini haiui, na kuna bablishi na vibandiko vya nikotini vya kusaidia, kamwulize mfamasia. Ukianguka siku moja usiseme basi nimeshaharibu ngoja nimalizie pakti. Endelea kuhesabu siku.

Kwa upande wa pombe kuna kisa kiliandikwa na madaktari mwaka 2010, mwanaume ambaye kadiri ulevi ulivyoongezeka mbegu zilizidi kupungua mpaka zikaisha kabisa, sifuri, na alipoacha pombe, ndani ya miezi mitatu zikarudi. Ni mtu mmoja tu, lakini kiwanda kinavyofanya kazi ndivyo kingetarajiwa kufanya, mafundi wakiwa bado hai wakipata nafasi wanaanza upya. Wakishakufa kwa miaka ya ini bovu hapo ni stori nyingine.

Na sisemi kila mwenye shida ni mvutaji. Nimepima watu wa dini ambao hawajawahi hata kuonja na mbegu hamna, sababu nyingine kabisa, mirija imeziba, maambukizi ya zamani, vinasaba, matubwitubwi yaliyompiga ukubwani yakashukia korodani. Na vijana wa jim wanaojichoma testosteroni ili vifua vijae, hiyo inaizima korodani moja kwa moja kwa sababu ubongo unaona homoni zimejaa unaacha kutuma amri. Kwa hiyo dada zangu msirudi nyumbani mkaanza kumnyooshea mtu kidole kwamba ni sigara yako tu. Mwambie twende wote tukapime. Neno ni wote.

Kipimo chenyewe ndio cha rahisi kuliko vyote, mama anachomwa sindano ya dawa kwenye kizazi anapigwa picha analia, wewe unapewa kikombe na chumba chenye kitasa. Tunashindwa hapo tu.

Kuna mkono umenyooshwa. Ndio kaka.

Ameuliza yule mwanaume wa mbegu nne aliishia wapi. Nilidhani mtasahau. Alirudi. Haikuwa miezi mitatu, ilikuwa minne na kitu, alisema mwezi wa kwanza alianguka akaanza kuhesabu upya. Kikombe safari hii alikibeba mkononi, hakukificha. Vidole vilikuwa bado na njano kwenye ncha za kucha, karibu inaisha kwa kukua. Nikaweka tone, nikainama. Hazikuwa kichuguu kilichovurugwa, nisiwadanganye, lakini sikuweza kuzihesabu kwa mtupo mmoja wa jicho tena, ikabidi nichukue kile kioo chenye mistari ya kuhesabia. Akaniuliza swali lile lile, zinakimbia? Nikamwambia hairuhusiwi kukuambia. Halafu nikasogeza kiti changu pembeni nikamwambia ila hairuhusiwi pia kukukataza kuangalia.

Aliinama pale muda mrefu mpaka aliyekuwa anasubiri nje akagonga mlango.